Taa za paneli, programu ya kompyuta au ukurasa wa kivinjari: uchague kipi kwa vipokezi vya milimani?

Aliyewahi kuendesha mtandao wa redio za upepo huku Nyanda za Juu Kusini anajua kwamba ripita ya mlimani, yaani mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha upya, husikika mbali kuliko inavyosikia. Inarusha kwa wati 50, antena yake iko juu ya mnara, na sauti yake inashuka hadi mabondeni. Askari wa msitu aliye korongoni ana redio ya mkononi ya wati 5, antena fupi, tena ameivaa kiunoni. Anasikia kila kinachosemwa. Akibonyeza yeye aseme ameona moshi, kituoni unafika mkwaruzo tu.

Dawa yake ni kuongeza masikio. Unaweka vipokezi kadhaa kwenye vilima tofauti, vyote vikisikiliza masafa yaleyale: tuseme kimoja Loleza juu ya jiji la Mbeya, kingine upande wa Kawetire, cha tatu kwenye safu ya Uporoto kikitazama Usangu, cha nne Kitulo. Kila kimoja kinapeleka sauti yake kwa linki (njia ya waya au ya redio) hadi kwenye kompareta, yaani mtambo unaopima sauti zote zilizoingia kwa wakati mmoja na kupitisha ile yenye kelele kidogo kuliko nyingine. Mtu akiongea huku anatembea, kompareta inahama naye kutoka kipokezi hiki hadi kile, hata katikati ya sentensi, na anayesikiliza hatambui.

Silinganishi kompareta hapa. Nalinganisha kile kinachomwonesha opareta hali ya kila kipokezi, kwa sababu ndicho kitu ambacho wanunuzi wengi hukipa nafasi ya mwisho kwenye bajeti, na ndicho kinachoamua kama mfumo utakuwa mzima mwaka wa tatu.

Mfumo wa aina hii huficha ugonjwa wake. Ripita moja ikifa, wote wanajua palepale. Kipokezi kimoja kati ya vitano kikifa, vinne vinaendelea kubeba mazungumzo, sauti zinafika, kazi zinakwenda. Atakayegundua ni yule mtu aliye kwenye bonde lililokuwa linasikiwa na kipokezi kile peke yake, na atagundua siku anapohitaji msaada. Kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi, miezi ya kiangazi nyasi zikiwa zimekauka na upepo unavuma, dakika chache za kutosikika zinaweza kugharimu ekari nyingi za misindano, na maisha ya watu pia.

Kwa hiyo kila chaguo nalipima kwa swali hili: je, linatofautisha kipokezi kilichonyamaza kwa sababu hakuna anayeongea, na kipokezi kilichonyamaza kwa sababu kimekufa?

Kompareta inajuaje kipokezi kiko hai

Njia ya zamani, ambayo mpaka leo inafanya kazi vizuri, ni toni ya hali. Kipokezi kisipokuwa na mawimbi yoyote kinatuma toni isiyokatika kwenye laini: mitambo ya Motorola hutumia 2175 Hz, ile ya ukoo wa General Electric 1950 Hz. Mtu akibonyeza redio, skwelchi (mlango unaozuia kelele wakati hakuna mawimbi) inafunguka, toni inaondoka, sauti inaingia. Toni ikiwepo, kipokezi kimetulia. Toni ikiondoka na sauti ikaja, kinapokea. Toni ikitoweka na nyuma yake kukawa kimya muda wote uliopangwa, kompareta inatangaza hitilafu: laini imekatika, au umeme umeisha kule juu. Angalia sana hapa ukinunua mitambo iliyotumika, maana nyingi zinazofika kwetu ni za kuunganisha kutoka mifumo mbalimbali. Kipokezi kinachotuma 1950 Hz kwenye kompareta iliyopangwa 2175 Hz kitafanya taa zidanganye tangu siku ya kwanza. Toni itaonekana kama mtu anayeongea bila kuchoka.

Kwenye mitambo inayopitisha sauti kwa mtandao wa IP, yaani kama data za intaneti, kazi ya toni inafanywa na pakiti fupi za kujitambulisha. Zisipofika, seva, yaani kompyuta kuu inayozipokea, inajua kituo kimekatika.

Njia zote mbili zina tundu lilelile. Toni au pakiti inakuambia kwamba sanduku lina umeme na laini inapita. Haisemi lolote kuhusu antena. Radi ikipiga mnara huko Rungwe ikaunguza sehemu ya mbele ya kipokezi, au maji yakaingia kwenye kebo kwa sababu konekta haikufungwa vizuri, kipokezi kitaendelea kutuma toni yake safi na skrini itaendelea kusema "kimetulia". Kitatulia hivyo mwezi mzima. Kitu pekee kinachomfichua kipofu huyu ni kumbukumbu: kwa kawaida kipokezi hiki huchaguliwa mara nyingi kila siku, mbona tangu Jumatatu hakijachaguliwa hata mara moja?

Shika hilo unaposoma yanayofuata.

Chaguo la kwanza: taa

Karibu kila kompareta huja na taa zake. JPS SNV-12, kwa mfano, hubeba vipokezi hadi 12, na kila kipokezi kina kadi yake yenye taa zake usoni. Kwa kawaida utaona taa ya kupokea, taa ya kuchaguliwa, taa ya hitilafu na taa ya kuzimwa kwa mkono. Ni maonesho ya bei nafuu kuliko yote, maana umeshayalipia. Hayahitaji kompyuta, hayahitaji bando, yanakula umeme kidogo wa betri, na TANESCO wakikata umeme, taa bado zinawaka kama kompareta ina betri yake.

Shida ni mahali. Kompareta iko kwenye raki, raki iko kwenye chumba kilichofungwa, ufunguo anao mtu ambaye leo yuko Makambako. Taa nyekundu inayowaka mahali ambapo hakuna jicho haina faida kwa yeyote.

Ndiyo maana mafundi wengi hutoa matokeo ya rilei (swichi ndogo za umeme) kutoka kompareta na kuyavuta hadi paneli ndogo mezani kwa opareta. Hesabu nyaya kabla hujaahidi: vipokezi 6 vyenye hali 3 kila kimoja ni nyaya 18, ongeza waya wa pamoja. Ndani ya jengo moja hiyo ni kazi ya siku moja na kebo ya simu yenye jozi kumi. Kati ya jengo na jengo siishauri kabisa. Mbeya na Rungwe ni nchi ya radi, na waya wa shaba uliolazwa kutoka chumba cha mitambo hadi ofisi unaikaribisha radi ipite hadi mezani kwa mtu. Kama majengo ni mawili, tumia faiba au achana na paneli.

Paneli ina nguvu moja ambayo programu zinashindwa kuifikia: iko pale muda wote. Haifichwi nyuma ya dirisha jingine, haisubiri kuwashwa upya. Opareta akiwa anapokea simu, anaandika kitabu cha zamu na anamjibu mgeni mlangoni, bado jicho lake linaona taa imebadilika. Nimeona maopareta waliokaa na paneli ya namna hii muda mrefu wakajua tabia ya mtandao wao kuliko fundi aliyeufunga. Gari la doria likitoka Chimala kupanda kuelekea Matamba, anajua taa ipi itatangulia na ipi itafuata, na isipowaka anauliza.

Udhaifu wake ni kutokumbuka. Taa inaonesha sasa hivi tu. Kipokezi kipofu nilichokitaja hapo juu kwenye paneli kitaonekana kizima mpaka mtu mwenye kumbukumbu nzuri ashtuke.

Chaguo la pili: programu kwenye kompyuta ya opareta

Hapa kompareta inazungumza na kompyuta, na skrini inaonesha kila kipokezi kwa rangi, mara nyingine juu ya ramani. Kwa uwezo, hili ndilo chaguo lililo kamili. Linaandika logi: saa ngapi, kipokezi gani kilichaguliwa, kwa muda gani, hitilafu ilianza lini na kuisha lini. Linapiga kengele. Linamruhusu opareta kuzima kipokezi chenye kelele kwa kubofya.

Uwezo huo wa mwisho ndio unaonipa wasiwasi. Niliitwa kwenye shamba moja ambako askari wa upande mmoja wa msitu walikuwa wanalalamika hawasikiki. Kipokezi kilikuwa kizima, antena nzima, linki nzima. Usiku mmoja wa radi opareta alikizima kwa sababu kilikuwa kinaingiza mikwaruzo, akafanya sawasawa, kisha zamu ikabadilika. Kwenye skrini kilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia kama sehemu ya pambo, na kila aliyekuja baadaye alidhani ndivyo kinavyokuwa. Lawama haikumstahili opareta. Ilimstahili aliyepanga rangi. Hali ya "kimezimwa kwa mkono" lazima ipige kelele kwa macho kuliko hali ya kawaida: rangi yake yenyewe, saa ya kuzimwa iandikwe pembeni, na kama programu inaruhusu, kipokezi kirudi chenyewe baada ya muda mliokubaliana, tuseme mwisho wa zamu.

Upande wa gharama, usihesabu programu tu. Hesabu kompyuta isiyofanya kazi nyingine, UPS (betri ya akiba) ya kuivusha kwenye katizo la umeme mpaka jenereta iwake, leseni kama inalipiwa kila mwaka, na mtu wa kuirudisha hewani ikigoma saa nane usiku. Kompyuta hiyohiyo ikianza kutumika kuchapa barua za ofisi, skrini ya hali itafunikwa, na siku hiyo umerudi kwenye giza ukiwa umelipa pesa nyingi.

Chaguo la tatu: ukurasa wa kivinjari

Wapo wanaotumia mfumo uliozaliwa kwa waendesha redio wa ridhaa, AllStarLink, uliojengwa juu ya programu ya simu ya Asterisk. Kila kituo kinawekewa kisanduku kidogo, RTCM au mfano wake, kinachopeleka sauti kwa IP hadi kwenye seva, na seva ndiyo inayochagua. Ukitaka kuona hali, unaandika amri "voter display" kwenye seva, au unafungua ukurasa wa Allmon kwenye kivinjari, hata cha simu.

Ukurasa huo unaonesha mstari kwa kila kipokezi pamoja na namba kuanzia 0 hadi 255. Mstari wa bluu ni kipokezi kinachoshiriki kuchaguliwa, wa kijani ni kilichochaguliwa sasa, na ule wa samawati hafifu ni kituo kinachochanganywa tu bila kuingia kwenye ushindani. Sifuri maana yake hakuna mawimbi. Fahamu kwamba namba zote 255 zinafunika takribani desibeli 30 tu, na hupimwa kwa kelele iliyobaki kwenye masafa yaliyo juu kuliko ya sauti ya mtu. Kwa hiyo gari likipita karibu na jiji, vipokezi viwili au vitatu vinaweza kugonga 255 pamoja. Usikimbilie kutafuta ubovu; vyote vinasikia vizuri kupita kiasi cha kipimo.

Ninachokipenda hapa ni kwamba fundi aliye Tukuyu anaweza kumwambia mwenzake aliye mnarani, "Zungusha antena kidogo kushoto, simama hapo," huku wote wawili wanaangalia namba moja kwenye simu. Kazi iliyokuwa inahitaji mtu wa tatu kwenye redio inafanywa na wawili. Pia data hizo ni zako: kijana anayejua kuandika programu kidogo anaweza kuzihifadhi kila sekunde na kukuchorea grafu ya wiki.

Masharti yake, hata hivyo, ni mazito kuliko inavyodhaniwa. Kila kituo kinahitaji GPS, maana seva inapanga sauti za vituo vyote kwa saa moja kabla ya kuzilinganisha. Kituo kisicho na GPS hakiingii kwenye kuchaguliwa. Sauti peke yake ni kilobiti 64 kwa sekunde, na vichwa vya pakiti vikiongezwa inapita 80, kwa kila kipokezi kinachopokea. Kwenye linki yako mwenyewe hiyo si kitu. Kwenye modemu ya mtandao wa simu, mlimani, yenye ucheleweshaji unaopanda na kushuka, utalazimika kuongeza bafa (muda wa kuzisubiri pakiti) mpaka mazungumzo yaanze kuchelewa masikioni. Na ukurasa wa namna hii usiuache wazi kwenye intaneti. Unaonesha mahali mtandao wako ulipo dhaifu. Uweke nyuma ya VPN, yaani njia ya siri inayopitisha watu wako tu.

Jambo la kisheria: programu kutumika bure hakuyafanyi masafa kuwa ya bure. Vyovyote utakavyochagua, vipokezi na ripita vinakaa kwenye masafa uliyopewa kwa leseni na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambao wana ofisi ya kanda hapa Mbeya.

Mipangilio inayozidi uchaguzi wenyewe kwa uzito

Ukichagua vizuri ukapanga vibaya, hujafanya kitu. Majina kwanza. "RX4" haimwambii opareta mpya lolote. "Uporoto, upande wa Usangu" inamwambia kila kitu, hasa jinsi anavyopaswa kumwelekeza askari asogee wapi ili asikike.

Rangi zinafuata. Wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajui hivyo mpaka siku wanapowekwa mbele ya paneli. Ongeza neno au umbo: hitilafu iwake kwa kupepesa, kuchaguliwa kuwake bila kupepesa.

Kengele ya hitilafu isipige mara laini inapokatika. Linki za milimani hukatika sekunde mbili tatu zikarudi, na kengele inayolia bila sababu itazimwa na opareta kabla ya Ijumaa. Mimi huanza na sekunde 30, kisha napunguza kadri linki inavyoonesha ni tulivu. Kengele ya pili ni ya kipokezi kilichofunguka muda mrefu, yaani mtu amekalia kitufe au kuna mwingiliano wa mawimbi. Iweke juu ya kikomo cha kuongea kilichopangwa kwenye redio zenyewe. Redio zikijikata kwa sekunde 60, basi kipokezi kilichobaki wazi dakika mbili kina tatizo.

Kisha ile ya kipofu: kipokezi ambacho hakijachaguliwa kwa saa 24, au 72 kwenye eneo lenye watu wachache, kitoe onyo. Sio kila programu inayo. Kama haipo, mtu apitie logi kila asubuhi, na kama hakuna logi, kitabu cha zamu kiwe na safu ya kuandika vipokezi vilivyowaka. Nawaomba sana wasimamizi wa mitandao msiiruke hii, hata mkiruka mengine yote.

Taa mbili zikipokezana haraka mtu mmoja anapoongea akiwa amesimama, usilaumu skrini. Mara nyingi laini hazijasawazishwa. Pitisha toni ya 1,000 Hz kutoka kila kituo, zote zifike kompareta zikiwa na kiwango sawa, ndipo urudi kuangalia taa.

Vituo vya sola vinastahili mstari wa volti ya betri pembeni ya hali ya kipokezi. Kitulo iko juu, inakaa kwenye ukungu na baridi, na betri iliyodhoofika hukuaga taratibu usiku kadhaa kabla ya kipokezi kuzimika. Ukiiona volti ikishuka kila alfajiri, unapanda na betri mkononi badala ya kupanda kuchunguza.

Nani achukue kipi

Shamba la chai lenye vipokezi vitatu au vinne, chumba kimoja cha redio, na fundi anayeitwa kutoka mjini: chukua paneli ya taa mezani na kitabu cha zamu chenye safu ya vipokezi. Pesa iliyobaki nunua vizuia radi na konekta nzuri. Sioni sababu ya kumtwisha opareta kompyuta.

Msitu mkubwa au hifadhi, vipokezi sita na kuendelea, maopareta wa zamu usiku na mchana: programu, kwa sababu ya logi, na pamoja nayo paneli ndogo yenye taa ya hitilafu kwa kila kituo. Ndiyo, vyote viwili. Kompyuta ikifa, paneli inabaki.

Mtandao ambao tayari una linki zake za IP hadi kila kilima, na ndani yake kuna mafundi wanaoelewa seva: ukurasa wa kivinjari utawapa mengi kwa gharama ndogo, hasa kwenye matengenezo. Kama mafundi hao ni mmoja tu, na anatafuta kazi Dodoma, chagua kingine.

Hospitali yenye magari ya wagonjwa naitenga. Pale opareta mara nyingi ni muuguzi mwenye kazi nyingine. Anahitaji taa moja kubwa inayosema "mtandao una hitilafu, piga simu kwa fundi", na mengine yote yaende kwa fundi.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji apande kituoni afanye mambo matatu mbele yako, huku wewe umekaa kwenye kiti cha opareta. Achomoe laini. Aiweke, azime umeme. Auwashe, kisha achomoe antena, na mlinzi abonyeze redio kutoka bonde linalosikiwa na kituo hicho tu. Kila mara andika skrini imesema nini na imechukua muda gani kusema. Mawili ya kwanza bidhaa yoyote nzuri itayakamata. La tatu muulize anapendekeza ulijue kwa njia gani, na jibu lake liingie kwenye mkataba.